Deni la Nani?

Soma 2 Wafalme 4:1–7.

Mume wa mjane huyu alimcha Bwana, lakini alikufa akiwa na deni. Aliyewia alikuja kuwachukua wanawe wawili, ambao hawakukopa chochote. Aliyekopa alikuwa mmoja. Mzigo uliiangukia nyumba nzima.

Mwenye kadi ya mkopo huweza kujitetea: "Kadi ina jina langu, nitalipa mwenyewe." Lakini riba ya asilimia 3 kwa mwezi ikilimbikizwa, shilingi 100,000 zisizolipwa huzidi 142,000 baada ya miezi 12. Fedha hizo zitatoka kwenye karo, kodi ya nyumba na unga. Mwenzi asiyejua hulipa bila kuulizwa. Anayeficha deni kwa ajili ya amani humnyima mwenzake nafasi ya kuamua pamoja naye.

Elisha hakuanza kwa lawama. Aliuliza nyumbani kuna nini. Muujiza ulikuja baada ya deni kutajwa waziwazi, nao wana walishiriki kazi kwa kumletea mama yao vyombo.

Kwa majadiliano: Ni wakati gani kunyamaza kuhusu deni huwa uongo? Mwenzi anayeambiwa ukweli aupokeeje, ili kesho usifichwe tena?