Ridhaa ya Wenye Jembe

Kutoka Bigwa, ukiinua macho kuelekea milima ya Uluguru nchini Tanzania, unaona mashamba yaliyoning'inia kwenye miteremko mikali. Katika milima hiyo, mwaka 1955, Waluguru waliuliza swali lililoipasua Uingereza kuanzia 1642: anayetawala amepewa na nani? Mfalme Charles wa Kwanza alishikilia kwamba anawajibika kwa Mungu peke yake. Bunge lilikataa, vita vikapiganwa, na tarehe 30 Januari 1649 akakatwa kichwa. Nashikilia kwamba hata kama mamlaka yote asili yake ni Mungu, humfikia mtawala kwa kupitia ridhaa ya wanaotawaliwa. Ridhaa ikikosekana, nia njema haiwezi kushika nafasi yake.

Waluguru hawakuwa na mfalme mmoja. Ardhi ilikuwa ya ukoo, ikirithiwa kwa upande wa mama, na wakuu wa koo ndio walioigawa. Sultani wa kuwatawala wote aliwekwa na serikali ya kikoloni. Miaka ya 1950, chini ya Sultani Sabu bin Sabu, wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Lakini udongo wenye rutuba Uluguru ni tabaka jembamba. Mahali pengi jembe lililokata ngazi liliufukia udongo huo na kuleta juu ule usiozaa, mkulima akatoka jasho kisha akavuna haba. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa.

Wapo watakaosema mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na serikali ilikuwa na wataalamu. Ni kweli, udongo ulikuwa ukienda na maji. Ila kujua dawa hakumpi mganga haki ya kumfunga mgonjwa kamba na kumnywesha. Tena ridhaa ni njia ya kuujua ukweli: mkulima aliyeulizwa angesema mapema udongo wake una kina gani. Wengine watamtaja Mtume Paulo, aliyewaagiza Warumi watii wenye mamlaka. Lakini Maandiko hayo hayo yanasimulia kwamba Daudi, ingawa Samweli alikwisha kumpaka mafuta, alifanya agano na wazee wa Israeli kule Hebroni kabla ya kuwa mfalme wao. Na Kurani inawasifu waumini ambao mambo yao huamuliwa kwa kushauriana.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba umma nao hukosea, na wanaotawala kwa jina lake huweza kuwa madhalimu. Mwaka 1653 Oliver Cromwell, shujaa wa Bunge, aliwatoa wabunge ukumbini kwa askari. Jambo hilo linaithibitisha hoja yangu: ridhaa haitolewi mara moja ikawekwa kabatini. Huombwa tena kila amri mpya inapogusa shamba na jasho la mtu, na humfunga mshindi kama ilivyomfunga mfalme. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 8, inatamka kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Basi kila anayepanda Uluguru na mpango mkononi, hata uwe mwema namna gani, aanze kwa kuwauliza wenye jembe, na awe tayari kusikia hapana.