Namba Ni Shahidi Tu

Pale Mwaloni, Kirumba, mzani wa kidijitali ukishaonyesha kilo, muuza dagaa na mteja wote hunyamaza. Namba imesema.

Ila waulize mafundi wanaokagua maikrokontrola, ile chipu iliyomo ndani ya mizani kama hiyo, huku ikiendelea na kazi. Namba wanayoiona kwenye kompyuta ni ya pale kumbukumbu iliposomwa. Mpaka ifike machoni, huenda chipu imeshaandika nyingine. Wakati mwingine thamani mpya iko kwenye rejista, kumbukumbu bado imeshikilia ya zamani. Wakiisimamisha chipu namba inatulia, lakini mwendo waliotaka kuuona nao umekatika.

Je, namba ni mwongo? Hapana. Ni shahidi: inasema ilichokiona, kwa saa ile. Kosa ni letu tukiipa uhakimu. MV Bukoba ilipozama maeneo ya Bwiru, 21 Mei 1996, orodha ya abiria ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha.

Kabla ya kuiamini namba, tuulize: imesomwa lini, na imemwacha nani?