Je, Sheria Huua Wimbo?

Kijana mmoja wa kwaya yetu alituuliza: "Kwa nini shairi lihesabiwe kama fedha? Nikiwa na jambo moyoni, si niliseme tu?" Swali lake ni zuri, wala halifai kujibiwa kwa ukali.

Tuanze na shairi letu la Kiswahili. Katika tarbia kila ubeti una mistari minne. Kila mstari una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na vina katikati na mwisho. Sheria hizo alizieleza Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Atungaye kwa kuzifuata hawezi kuridhika na neno la kwanza limjialo. Pengine limezidi mizani moja, pengine kina kimelikataa. Hana budi kutafuta, na katika kutafuta hukutana na neno ambalo hakulifikiri, nalo mara nyingi ndilo la kweli zaidi.

Waebrania nao walilijua jambo hili. Kitabu cha Maombolezo chaulilia mji wa Yerusalemu ulioteketezwa na Wababeli. Tungetazamia kilio kisicho na mpango. Kumbe, katika Kiebrania, sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina aya 22 kila moja, na kila aya huanza kwa herufi yake, kwa kuwa herufi za lugha hiyo ni 22. Sura ya 3 ina aya 66, tatu kwa kila herufi. Kwa nini mtu anayelia ajifunge hivyo? Sisi twaona kwamba aliyefiwa hajui aanzie wapi wala aishie wapi. Herufi zilimshika mkono mtunzi, zikampitisha katika uchungu wote toka mwanzo hata mwisho.

Lakini tusipite kiasi. Sura ya 5 ina aya 22 vilevile, ila utaratibu wa herufi umeachwa. Na mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa "Kichomi", mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, nayo yana uzito wake. Tena tumesikia mashairi mengi yenye vina kamili yasiyomgusa mtu: sheria imetimizwa, wimbo umekufa.

Basi, mwanetu, jibu letu ni hili. Sheria haitakupa la kusema. Lakini ukiwa nalo, itakuzuia usiliseme kivivu. Jifunze kwanza kuhesabu nane na nane. Siku utakapoona lazima kuziacha, utajua unaacha nini.