Aliyeshika Hatamu na Aliyeishona

Tarehe 7 Desemba 1847, Gavana wa New South Wales, Charles FitzRoy, aliendesha mwenyewe gari la farasi katika viwanja vya serikali vya Parramatta, ambavyo leo ni bustani inayopakana na Westmead, magharibi mwa Sydney. Farasi walitimua mbio, gari likagonga mti. Mkewe, Lady Mary, alifariki, na msaidizi wa gavana, Luteni Charles Master, akafariki pia. Mnara wa kumbukumbu ungalipo bustanini. Simulizi huwataja waliokufa, na humtaja aliyeshika hatamu. Aliyezishona hatamu hana nafasi ndani yake.

Kiswahili nacho kina mazoea hayohayo. Mbung'o waliwazuia farasi kuenea katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, lakini msamiati wao, kama vile hatamu na lijamu, ulipokewa kutoka Kiarabu ukakaa. Enzi za chama kimoja nchini Tanzania, watu walisikia kila siku kwamba chama kimeshika hatamu. Mjadala ulihusu nani anashika na nani ashike. Hatamu yenyewe ilichukuliwa kana kwamba ilijiotea. Hata methali isemayo chanda chema huvikwa pete hukisifu chanda na kumnyamazia sonara.

Kwa hiyo anayechukua tandiko kuukuu la farasi na kuuliza limetengenezwa na nani anauliza swali ambalo lugha na historia zimezoea kuliruka. Jibu lake ni gumu. Mtafiti huinua mbawa za tandiko kutafuta muhuri uliogandamizwa kwenye ngozi, hupima nafasi kati ya tundu za mshono, hutazama kiunzi cha ndani, hugeuza lijamu na vikuku kusoma chapa za chuma. Mara nyingi hugundua kwamba anatafuta watu kadhaa. Katika mji wa Walsall, Uingereza, uliosafirisha matandiko hadi makoloni ya mbali, kazi iligawanywa: huyu alichonga kiunzi, yule alifua chuma, mwingine alishona ngozi. Muhuri mmoja ulisimama badala ya mikono yote hiyo.

Pengine muhuri hausemi habari za fundi hata kidogo. Matandiko ya jeshi la Australia yalipigwa chapa ya mshale katikati ya herufi mbili za D, yaani mali ya Idara ya Ulinzi. Asiyejua huweza kuidhania chapa hiyo kuwa saini ya fundi, kumbe ni ya mwenye mali. Ndivyo ilivyo pia huko Shangani, Unguja, ambako wageni huoneshwa nyumba ya Tippu Tip na mlango wake wa nakshi. Jina wanaloondoka nalo ni la mwenye nyumba, si la mchongaji.

Yupo atakayepinga kwamba hakuna dhuluma hapa. Fundi alilipwa ujira wake; mwenye karakana ndiye aliyebeba hasara, na ndiye ambaye mteja angemrudia mshono ukifumuka. Basi ni haki jina liwe lake. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa inakumbusha kwamba jina kwenye kifaa ni dhamana kabla ya kuwa sifa. Tandiko hubeba uhai wa mtu, na anayelipiga muhuri anakubali kuulizwa. Lakini hoja hiyo inajibu swali la nani atawajibika. Swali la nani alitengeneza linabaki palepale. Kosa huanza pale jibu la swali moja linapotumiwa kulifunga lingine.

Kosa la pili hutokana na shauku ya kurekebisha la kwanza. Tandiko lenye jina maarufu hupata bei kuliko lisilo na jina, na mtafiti mwenye huruma huweza kuvutwa sawasawa na mfanyabiashara mwenye tamaa kulipachika jina ambalo ushahidi haulithibitishi. Mmoja anataka faida, mwingine anataka kumrudishia fundi heshima. Wote wawili humfuta fundi halisi mara ya pili, kwa kumweka mtu mwingine mahali pake.

Liko jambo dogo linaloweza kufanywa bila kusema uongo. Vibao vya makumbusho huandika kwamba mtengenezaji hajulikani, kana kwamba kutojulikana ni sifa yake. Lakini alijulikana. Aliitwa kwa jina asubuhi alipofika kazini, na watoto wake walijua harufu ya ngozi mikononi mwake. Kilichopungua ni daftari. Kibao cha kweli kingesema kwamba jina la fundi halikuandikwa, kisha kitaje kinachojulikana: mshono ulivyo, chuma kilikotoka, muhuri ni wa nani na una maana gani. Kwa maneno hayo upungufu unahama kutoka kwa fundi kwenda kwa waliotunza kumbukumbu, ambako ndiko ulikotoka. Na nafasi ya jina inabaki wazi, ili siku daftari likipatikana pasiwe na jina la uongo la kufutwa kwanza.