MAVAZI NA MTU ALIYE NDANI YAKE

Somo: Yakobo 2:1-9

 

Tunawaandikia kutoka Mulago, Kampala, tuliko pamoja na wagonjwa wa kambi yetu waliopewa rufaa. Kabla hatujaondoka, wazee wa kanisa walituletea neno gumu juu ya vijana wetu wanaosapa. Wengine wameuza mahindi ya nyumbani ili wanunue viatu, nasi tunajua jinsi mgao wa chakula ulivyopungua tangu 2023. Wazee wanaomba vijana hao watolewe kwenye kwaya. Tumeliombea jambo hili, na tunaona ni vema tulielewe kabla ya kuhukumu.

Sape si jambo la jana. Wakati wa ukoloni, maboi wa Brazzaville na Léopoldville walipewa nguo kuukuu za mabwana zao kama malipo. Mtu aliyeitwa boi hata mvi zikimtoka alivaa koti lile ili aonekane ni mtu. Miaka ya 1970 Mobutu alikataza suti na tai, akaleta abacost. Hapo kuvaa suti kukawa njia ya kukataa amri bila kushika silaha. Papa Wemba, aliyeanzisha Viva la Musica mwaka 1977, aliipeleka Sape mbali kwa muziki wake. Mwaka 1990 Mobutu aliruhusu tai tena, lakini Sape haikufa. Ina hata sheria zake: usafi, adabu, kutopigana, na rangi zisizozidi tatu.

Kwanza, tusiwadharau vijana hawa. Mtu aliyekimbia vita, anayesimama kwenye mstari na kuitwa kwa namba ya karatasi, anapopiga pasi suruali yake anasema: mimi bado ni mtu. Mungu anamwelewa. Katika Mwanzo 3:21 aliwavika Adamu na Hawa kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kuwatoa bustanini. Na yule baba wa Luka 15, mwanawe aliporudi, aliagiza vazi kabla ya chakula.

Pili, nguo isifanywe mungu. Stervos Niarcos, rafiki wa Papa Wemba, aliiita Sape dini, akaipa jina la Kitendi, dini ya kitambaa. Alifariki mwaka 1995. Papa Wemba naye alianguka jukwaani Abidjan mwaka 2016. Makoti yao yalibaki huku. Kitambaa hakimvushi mtu kaburi. Nawe kijana, kiatu ulichonunua kwa chakula cha wadogo zako hakikukupa heshima, kimekula ile uliyokuwa nayo.

Tatu, tujiangalie sisi kanisa. Yakobo alikemea watu waliompa mwenye nguo nzuri kiti cha mbele. Sisi tunataka kumnyima kiti kwa sababu ya nguo hizo hizo. Dhambi ni ile ile, kuhukumu kwa macho. Hapa Mulago tumemwona kijana wa Kongo, shati limenyooka, viatu vinang'aa, amechuchumaa uani akifua mashuka ya mama mgonjwa asiye na ndugu. Hakuna aliyemtuma. Tulipomuuliza anasali wapi, alisema hasali popote, kwa maana aliwahi kuambiwa kanisani kwamba nguo zake ni za shetani. Wapendwa, tumewapoteza wangapi kwa njia hiyo?

Basi twasema hivi. Kwaya isifungwe kwa kijana yeyote kwa ajili ya mavazi. Aliyeuza mahindi ya nyumbani ayarudishe kwa jasho lake shambani, kama Zakayo alivyorudisha. Wazazi, zungumzeni na watoto wenu jioni, msiwatukane mbele ya majirani. Nanyi vijana, someni Wagalatia 3:27. Kuna vazi lisilouzwa Owino, ambalo mwizi haliibi na vita haviliunguzi. Aliyebatizwa amelivaa tayari, naye hahitaji kumnyang'anya ndugu yake sahani ili aonekane.

Waombeeni wagonjwa wetu hapa Mulago. Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.

Ni sisi watumishi wenu katika Kristo.