Mwenzangu ni Nani?

Fomu ilikuwa ukurasa mmoja tu. Jina, umri, urefu, uzito, mahali unapofanyia mazoezi. Na chini kabisa, mstari mmoja uliouliza: unashindana katika kundi gani? Mistari mingine yote niliijaza nikiwa nimesimama. Huo wa mwisho ulinikalisha siku nne.

Nilikuwa na umri wa miaka 37, na sikuwa nimepata kupanda jukwaani hata mara moja. Lakini vyuma nilikuwa nimevinyanyua kwa miaka 14. Nilianzia Temeke, nyuma ya nyumba ya jirani, kwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba la chuma. Baadaye ukumbi wetu ukapata vyuma vya kununua, nami nikawa miongoni mwa wale wanaoombwa na wageni wawaelekeze namna ya kushika na namna ya kupumua.

Mashindano yale ya kutunisha misuli yalikuwa na milango mitatu. Wa kwanza ni wa chipukizi, yaani wale ambao hawajawahi kushindana. Wa pili ni wa makundi ya uzito, ambamo mgeni na mzoefu husimama pamoja ilimradi mizani imewaweka mahali pamoja. Wa tatu ni wa kaptula, ambamo mshindani huvaa kaptula inayokaribia magoti na mapaja hayahukumiwi. Kundi hili ni geni kidogo; katika mashindano makubwa ya Olympia kule Marekani liliingizwa mwaka 2013.

Msomaji atauliza, tatizo liko wapi? Si mtu achague tu anapopenda? Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipogundua kwamba kila mlango ulikuwa unaniita kwa sauti yake.

Mlango wa kaptula uliniita kwa sababu ya miguu yangu. Kifua na mabega yangu yalikuwa yamejaa, lakini mapaja yalikuwa membamba, kwa kuwa miaka mingi nilikuwa nimeyakwepa mazoezi yake yanayoumiza. Wapo wanaolichagua kundi hilo kwa kuwa ndilo linalolifaa umbo lao, na hao sina neno nao. Mimi ningelichagua ili kufunika uvivu wangu kwa kitambaa.

Mlango wa chipukizi uliniita kwa sauti tamu zaidi. Kwa maneno ya kanuni, mimi nilikuwa chipukizi halisi. Mwalimu wetu aliniambia waziwazi, "Ingia huko, kikombe chako kile. Sheria inakuruhusu." Na alisema kweli, sheria iliniruhusu. Lakini katika kundi hilo hilo alikuwa ameshajiandikisha kijana mmoja wa ukumbi wetu, mbeba mizigo wa Kariakoo, mwenye umri wa miaka 21. Alikuwa na miaka miwili tu ya vyuma. Mimi ndiye niliyemfundisha kuchuchumaa na chuma mabegani. Aliniita kaka, na kwa miezi mitatu alikuwa amejinyima chumvi na ugali wa usiku kwa ajili ya siku ile.

Hapo swali likabadilika. Halikuwa tena "nitashinda wapi?" bali "mwenzangu ni nani?" Maana kuingia katika kundi ni kutamka mbele ya watu kwamba hawa waliosimama kulia na kushoto kwangu ni wenzangu, na kwamba ni haki tupimwe kwa kipimo kimoja. Je, mtu wa miaka 14 ya vyuma anaweza kulitamka hilo kwa kijana wa miaka miwili bila sauti kumkwama?

Makundi yenyewe ni mistari iliyochorwa na binadamu. Eugen Sandow alipoandaa mashindano yake makubwa katika ukumbi wa Royal Albert jijini London, tarehe 14 Septemba 1901, akiwa na Arthur Conan Doyle miongoni mwa waamuzi, umbo zima na ulinganifu wake vilitazamwa zaidi ya ukubwa wa misuli. Mashindano ya Olympia nayo, kuanzia mwaka 1974 hadi 1979, yaligawanywa mara mbili katika ratili 200, yaani karibu kilo 91. Mwaka 1976 Franco Columbu, mtu mfupi wa kundi la chini, alimshinda mkubwa wa kundi la juu na kuwa bingwa wa wote. Mgawanyo ukafutwa mwaka 1980, na mwaka 1981 Columbu huyo huyo akashinda tena. Mstari uliwekwa, mstari ukaondolewa, na mtu akabaki yule yule.

Aristotle, alipoeleza maana ya kiasi katika maadili, alitumia mfano wa chakula cha wanamichezo: kiasi kilicho kidogo kwa Milo, yule mpiga mieleka mashuhuri, ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Kilicho sawa hakipatikani kwa hesabu peke yake. Hutegemea ni nani anayepimiwa. Naona kundi la chipukizi lilibuniwa kwa hekima hiyo. Ni kivuli kilichopandwa kwa ajili ya wasioweza bado kustahimili jua. Mwenye kofia akikikalia, hajavunja sheria yoyote. Lakini kuna mtu amebaki juani.

Siku ya nne nikaandika: kundi la uzito, chini ya kilo 80.

Ningependa kukuambia kwamba nilifanya hivyo kwa wema mtupu. Sivyo. Nilipojichunguza, niliona woga pia. Kushindwa na wazoefu hakuna aibu. Kushindwa na kijana niliyemfundisha kungenifuata ukumbini kila jioni. Yamkini nusu ya uamuzi wangu ilikuwa haki, na nusu ilikuwa kujilinda. Nimekubali kwamba matendo yetu mengi mema husafiri na abiria wa namna hiyo, na kwamba si lazima gari lisimame kwa ajili yake, ilimradi dereva anajua amempakia nani.

Siku ya mashindano nilisimama kati ya watu saba, nikawa wa sita. Waamuzi walipoagiza tukaze mapaja, niliwaona wakiniangalia, kisha wakahamia kwa mwingine. Ilikuwa hukumu ya haki kabisa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, nilikubali.

Lakini kilichoniumiza kilitokea kwa chipukizi. Kijana wetu alikuwa wa pili. Aliyemshinda alikuwa mtu mzima, mwenye misuli iliyokomaa ambayo haipatikani kwa miaka miwili wala mitano. Alikuwa ametoka mji mwingine, na kama mimi, hakuwa amewahi kupanda jukwaani. Kile nilichojikataza, mwenzangu alijiruhusu, na sheria ikampa kikombe.

Tulipokuwa tunajifuta mafuta mwilini, kijana aliniambia polepole, bila lawama, "Kaka, ungeingia wewe, yule ungemshinda."

Sikuwa na jibu. Njia nzima ya kurudi Temeke nilijiuliza, basi kujizuia kwangu kumemfaa nani? Kikombe hakikuja kwangu wala hakikwenda kwa kijana.

Nimeliwaza hilo tangu siku ile, na nilipofika ni hapa. Kikombe hakikuwa mali yangu hata nimpe kijana zawadi. Nilichokuwa nacho ni jina langu tu, na mahali pa kuliandika. Kujizuia kwangu hakukuwa ahadi kwamba dunia itamtendea haki; kulikuwa ni kukataa mimi kuwa mkono utakaomdhulumu. Ni jambo dogo kuliko nilivyotaka liwe, lakini ndilo lililokuwa katika uwezo wangu. Na yule mshindi simhukumu. Huenda kwao hapakuwa na mtu aliyemwita kaka, na fomu kwake ilikuwa fomu tu.

Kesho yake jioni kijana alikuja ukumbini kabla yangu. Nilimkuta ameshaweka chuma kwenye kichanja cha kuchuchumalia. "Leo miguu, kaka," akasema. "Wote wawili."

Tukaanza.