WAZO LA LEO: Sikukuu ianzie bustanini

Vuli ikinyesha vizuri, Desemba hukuta hapa kwetu Nyarero kukiwa na mgagani, mnavu na majani ya maboga tele nyuma ya nyumba. Hata hivyo, Krismasi ikikaribia wengi wetu hukimbilia dukani, kana kwamba mboga za nyumbani zitatuaibisha mbele ya wageni.

Wageni hao wametoka Mwanza na Dar es Salaam wakiwa na hamu ya chakula cha nyumbani. Wachemshie mgagani, mwaga maji machungu, unga kwa maziwa, uache ukolee taratibu. Ndizi zilizoiva mno usizitupe: ziponde, kanda na unga wa ngano, wimbi kidogo na hamira. Donge likiumuka, lioke ndani ya sufuria, moto hafifu chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Mkate huiva vizuri bila oveni.

Fedha utakayookoa itanunua madaftari shule zikifunguliwa Januari. Na watoto watakaochuma na kukanda pamoja nawe watarithi ujuzi usiouzwa dukani. Kabla ya kuandika orodha ya manunuzi, zunguka bustani yako kwanza.